Plasi mbili za mkojo, na swali lililorukwa

Miaka michache nyuma mtu akitoka zahanati alikuambia amekutwa na malaria mbili, au tatu, nawe ukampa pole kulingana na hesabu. Siku hizi hesabu imehamia kwenye mkojo. Kichwa kinagonga, mwili hauna nguvu, tumbo limejaa gesi, kiuno kimekaza baada ya kukaa kwenye basi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma: mtu anakwenda kupima, anarudi na karatasi yenye plasi mbili na mfuko wa dawa. Ana UTI. Mke ana UTI, mume ana UTI, mtoto wa chekechea ana UTI, na bibi aliyeletwa mjini kwa ajili ya macho naye, kwa kuwa alikuwa hospitalini tayari, amepimwa mkojo na amekutwa nayo.

Maambukizi ya njia ya mkojo yapo, yanauma, na yakipanda hadi kwenye figo na kuingia katika damu yanaua. Hilo halina ubishi. Lakini UTI nyingi zinazotembea mitaani kwetu hazikuzaliwa kibofuni. Zimezaliwa kwenye meza ya maabara, pale kijiti kilipochovywa kwenye mkojo wa mtu ambaye hakuna aliyemuuliza kama mkojo unamchoma.

Kijiti chenyewe hakina makuu. Ni ukanda mwembamba wa plastiki uliobandikwa vipande vidogo vya karatasi, mara nyingi kumi, kila kimoja kimelowekwa kemikali yake. Kimoja kinatafuta sukari, kingine protini, kingine damu, kingine ketoni, kingine kinapima uchachu wa mkojo. Vijiti vya namna hii vilianzia Elkhart, katika jimbo la Indiana, Marekani, ambako wanakemia wawili, mke na mume, Helen na Alfred Free wa Miles Laboratories, walitoa mwaka 1956 kijiti cha kupima sukari kwenye mkojo wa wagonjwa wa kisukari. Vipande vingine vikaongezwa baadaye, kimoja baada ya kingine, hadi kijiti kikawa na rangi nyingi kama khanga. Watu wa maabara hukiita stripu, na katika zahanati zetu nyingi ndicho kipimo cha mkojo, basi.

Kwa upande wa UTI, vipande viwili tu ndivyo vinavyobeba mzigo.

Cha kwanza kinatafuta naitraiti. Mboga tunazokula zina naitreti, na sehemu ya naitreti hiyo hutoka kwa njia ya mkojo. Bakteria wengi wenye makazi utumboni, akiwamo E. coli ambaye ndiye mkosaji mkuu wa UTI, wana kimeng'enya kinachogeuza naitreti kuwa naitraiti. Mkojo wa mtu asiye na bakteria hao hauna naitraiti. Kipande kikigeuka rangi ya waridi, basi yupo bakteria aliyefanya kazi hiyo. Kemia iliyomo ni ya zamani kuliko antibiotiki yoyote: ni ya Johann Peter Griess, Mjerumani aliyekuwa mkemia wa kiwanda cha bia huko Burton-on-Trent, Uingereza, na kipimo chake cha naitraiti alikichapisha mwaka 1879.

Ila kazi hiyo ya bakteria inataka muda. Mkojo unapaswa kukaa kibofuni kama saa nne ndipo naitraiti ijikusanye kiasi cha kuonekana. Sasa fikiria mwanamke mwenye UTI kali, anayekwenda chooni kila baada ya dakika ishirini na kutoa matone. Mkojo wake haujapata nafasi ya kukaa. Yeye ndiye mgonjwa hasa, na kipande chake kinaweza kubaki cheupe. Halafu wapo bakteria wasiotengeneza naitraiti kabisa, kama Enterococcus na yule Staphylococcus saprophyticus anayependa kuwasumbua wasichana. Na mtu aliyekunywa vitamini C kwa wingi, zile tembe za kuyeyusha kwenye maji, anaweza kukizima kipande hicho hata kama bakteria wapo. Kwa ujumla, karibu nusu ya wenye UTI hutoka bila naitraiti. Ikionekana kwenye mkojo uliochukuliwa vizuri, ina uzito mkubwa. Isipoonekana, haijamsafisha mtu.

Kipande cha pili ndicho chanzo cha plasi nyingi. Hiki hakitafuti bakteria. Kinatafuta kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu, zile ambazo kwenye majibu huandikwa seli za usaha. Chembe nyeupe ni askari wa mwili, na hukusanyika popote penye rabsha. Ukipita mtaani ukaona uani kwa jirani kumejaa watu na maturubai, huwezi kujua bado kama ni msiba au harusi. Fangasi ukeni huleta chembe nyeupe. Trikomona huleta. Kisonono na klamidia huleta. Mawe ya figo huleta, kifua kikuu cha figo huleta, kichocho huleta. Na mara nyingi zaidi ya yote hayo, chembe hizo hazikutoka kwenye mkojo: zimetiririka na ute wa ukeni zikaingia kikoponi.

Hapo inafaa kusema jambo ambalo linawatia watu hofu bure. Plasi si kipimo cha ukali wa ugonjwa. Plasi tatu maana yake ni kwamba rangi imekolea zaidi, yaani kuna kimeng'enya kingi zaidi kwenye mkojo huo wa saa hiyo. Mwenye plasi moja na homa na maumivu ubavuni chini ya mbavu yuko hatarini kuliko mwenye plasi tatu anayekula chipsi kuku kwenye benchi la kusubiri majibu.

Tufanye hesabu kidogo. Idadi za watu ni za kubuni, lakini uwezo wa kijiti nitakaoutumia unakaribiana na ule ambao tafiti nyingi zimeukuta. Chukulia kijiti ambacho kikikutana na watu 100 wenye UTI kinawanasa 75, na kikikutana na watu 100 wasio nayo kinawasingizia 18. Si kijiti kibovu. Sasa kipeleke sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni foleni ya watu 1,000 wenye maumivu ya kichwa, uchovu, mafua na mgongo, ambao hawana shida yoyote ya kukojoa. Tuseme 30 kati yao wana UTI kweli. Kijiti kitanasa 22 au 23. Kati ya 970 waliobaki, kitawasingizia 175 hivi. Watu karibu 200 watatoka na plasi, wote watapewa dawa, na kwa kila tisa kati yao mwenye ugonjwa ni mmoja.

Sehemu ya pili ni wanawake 1,000 wanaosema mkojo unachoma, wanakwenda chooni mara kwa mara, na hawatokwi na uchafu wala hawawashwi ukeni. Mwaka 2002 jarida la JAMA la Marekani lilichapisha uchambuzi wa Stephen Bent na wenzake ulioonyesha kwamba mwanamke wa aina hiyo uwezekano wake wa kuwa na UTI unapita asilimia 90, kabla hata mkojo haujaguswa. Kwa hiyo tuseme 900 wanayo. Kijiti kitanasa 675 na kusingizia 18 tu. Plasi hizo ziamini. Lakini watazame wale 307 ambao kijiti kimesema hawana kitu: 225 wanayo. Karibu robo tatu ya walioambiwa wazima ni wagonjwa.

Kijiti ni kilekile na rangi ni ileile. Kilichobadilika ni watu waliopimwa, na watu hao unawatenganisha kwa kuuliza, bila kununua chochote. Unakojoa mara ngapi? Inachoma mwanzoni, mwishoni, au ngozi ya nje ndiyo inauma? Unaamka usiku kukojoa kuliko kawaida yako? Kuna uchafu, kuna harufu, kuna muwasho? Maswali hayo yanachukua dakika mbili, na katika zahanati yenye foleni hadi mlangoni dakika mbili ni ghali kuliko kijiti. Kwa hiyo maswali yanarukwa, mgonjwa anaelekezwa maabara moja kwa moja, na karatasi inarudi imeshaandika ugonjwa.

Siwalaumu matabibu peke yao. Mgonjwa aliyepanda daladala mbili, akalipa kumwona daktari, kisha akaambiwa ni mafua, nenda kapumzike, huyo anahisi ameibiwa nauli. "Hawajaona kitu" ni sentensi ya malalamiko kwetu, wakati ingepaswa kuwa ya kushukuru. Mtu anataka jina la kurudi nalo nyumbani.

Na jina la zamani lilichukuliwa. Kipimo cha haraka cha malaria kilipoenea katika vituo vya Tanzania, ilidhihirika kwamba homa nyingi hazikuwa malaria. Dawa mseto zikapungua kutolewa ovyo, jambo jema. Lakini homa haikuacha kutafuta jina. Mwaka 2017 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa tafiti kutoka Afrika, zikiwamo za Tanzania na Uganda, pamoja na Afghanistan: kati ya waliokutwa na malaria, asilimia 40 waliandikiwa antibiotiki; kati ya waliokutwa hawana, waliandikiwa asilimia 69. Nafasi iliyoachwa wazi na malaria ilijazwa na antibiotiki, na kwetu majina yaliyopewa kazi ya kuihalalisha ni taifodi na UTI.

Je, ukweli uko wapi? Tunao mfano wa hapahapa. Valérie D'Acremont na wenzake waliwachunguza kwa kina watoto 1,005 wa chini ya miaka kumi waliofika na homa katika vituo vya Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yao yakatoka katika New England Journal of Medicine mwaka 2014. Walipima kila walichoweza kupima. Asilimia 62 ya watoto walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na mengi ya hayo yaliletwa na virusi. Malaria ilikuwa asilimia 10.5. Taifodi asilimia 3.7. UTI ilikuwa asilimia 5.9, yaani watoto kama sita katika kila mia. Sita si wachache. Mtoto mdogo mwenye UTI isiyotibiwa anaweza kuumia figo. Ila ukikuta kituo ambacho nusu ya watoto wenye homa wanatoka na UTI, kuna kitu kinachosomwa vibaya mahali fulani.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni kikopo. Mgonjwa anapewa kikopo, anaonyeshwa choo kwa kidole, na maelezo yanaishia hapo. Kinachotakiwa ni mkojo wa katikati: unajisafisha kwa maji, mwanamke anatenganisha midomo ya uke, mkojo wa kwanza unaachwa uende chooni, wa katikati unaingia kikoponi bila kikopo kugusa mwili, wa mwisho unamalizia chooni. Mkojo wa mwanzo ndio unaosomba chembe na bakteria wa ngozi ya nje. Mwanamke aliye kwenye hedhi, au anayetokwa na uchafu, atapeleka maabara mchanganyiko, na kijiti hakina njia ya kujua nini kilitoka wapi. Kwa watoto wachanga hali ni ngumu zaidi, maana ule mfuko wa plastiki unaobandikwa sehemu za siri unakusanya mkojo pamoja na kila kilicho kwenye ngozi. Majibu safi ya mkojo wa mfuko yanasaidia. Majibu yenye plasi hayatoshi kumpa mtoto dawa bila uthibitisho mwingine.

Kisha kikopo kinakaa dirishani. E. coli akipata joto na chakula anaweza kugawanyika kila baada ya dakika ishirini, na kwa mwendo huo bakteria mmoja amekuwa zaidi ya 500 ndani ya saa tatu. Mkojo ni chakula kizuri kwake, na joto la Dar es Salaam au Tanga halihitaji kuongezwa. Mkojo ukae muda mfupi iwezekanavyo kabla ya kupimwa, au uwekwe kwenye friji. Ule uliobebwa kutoka nyumbani kwenye chupa ya soda tangu alfajiri umebeba historia yake mwenyewe.

Na kichupa cha vijiti. Vijiti vinachukia unyevu, ndiyo maana ndani ya kichupa kuna kile kifuko cha kukausha hewa, na mfuniko unapaswa kurudishwa mara baada ya kutoa kijiti kimoja. Kichupa kikiachwa wazi siku kadhaa, kipande cha naitraiti kinaweza kugeuka rangi hata kwenye mkojo usio na bakteria. Katika mji wa pwani, ambako chumvi ya mezani hulowa ndani ya kopo lake, sidhani kama kuna haja ya kueleza zaidi. Muda wa kusoma nao una sheria: kwa vijiti vingi naitraiti husomwa kwenye sekunde ya 60 na chembe nyeupe kwenye dakika ya pili. Rangi huendelea kukolea baada ya hapo. Mtu wa maabara mwenye vikopo vingi mezani, akichovya vyote kisha akarudi kusoma cha kwanza baada ya dakika kumi, atawakuta watu wengi wagonjwa.

Nchini Uingereza mwongozo wa afya ya umma kwa matabibu umefika mbali kidogo: unasema kijiti kisitumike kabisa kutafuta UTI kwa watu waliovuka miaka 65. Sababu ni kwamba uzeeni bakteria huishi kibofuni bila kumdhuru mwenye kibofu. Zaidi ya mwanamke mmoja katika kila kumi waliovuka miaka 70 ana bakteria kwenye mkojo na hana ugonjwa; kwa aliyevalishwa mpira wa mkojo kwa muda mrefu, bakteria wapo karibu kila mara. Ukimpima bibi wa namna hiyo leo utamkuta, ukimpa dawa ukampima mwezi ujao utamkuta tena, na kila dozi inamfundisha bakteria wake mbinu mpya. Bibi akichanganyikiwa ghafla, watu wa nyumbani hukimbilia mkojo, na mkojo huwa haukosi kitu cha kusema. Huku nyuma hakuna aliyepima sukari, hakuna aliyeuliza alikunywa maji kiasi gani wala dawa gani za presha ziliongezwa.

Mjamzito ni habari tofauti kabisa, na nalisema kwa msisitizo kwa sababu msomaji anaweza kufika hapa akadhani mkojo usipimwe. Mjamzito hupimwa hata kama hana dalili. Mimba hulegeza mirija inayotoka kwenye figo, na bakteria waliokuwa wametulia kibofuni hupata njia ya kupanda; wasipotibiwa, sehemu kubwa ya akina mama hao hupata maambukizi ya figo, na mimba yenyewe huingia hatarini. Mpaka wa bakteria 100,000 katika mililita moja ya mkojo, unaotumika hadi leo kusema hapa kuna maambukizi, uliwekwa na Edward Kass huko Boston katika miaka ya 1950, naye ndiye aliyewafuatilia wajawazito wasio na dalili hadi hatari yao ikaonekana. Sasa sikiliza Shirika la Afya Duniani linasema nini katika mwongozo wake wa huduma kwa wajawazito wa mwaka 2016: kipimo kinachopendekezwa ni kuotesha mkojo, yaani kuwakuza bakteria wake maabara; pasipo uwezo wa kuotesha, mkojo utiwe rangi za Gram na kutazamwa kwenye hadubini. Vyote viwili viko mbele ya kijiti. Hadubini ipo katika vituo vingi vinavyopima malaria. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyepewa muda wa kuitumia kwa mkojo.

Hata hivyo kijiti cha mjamzito kina kipande kingine ambacho macho yote yangepaswa kukitazama kwanza, nacho ni cha protini. Protini pamoja na presha iliyopanda baada ya wiki ya 20 ni dalili ya hali inayotangulia kifafa cha mimba. Mama anayeumwa kichwa, anayeona maruweruwe, miguu na uso vimevimba, akaondoka na antibiotiki ya UTI kwa sababu kipande cha chembe nyeupe kilikuwa na plasi mbili na hakuna aliyempima presha, huyo ameachwa mahali pabaya sana.

Kipande cha damu nacho kina hadithi yake, hasa Unguja na Pemba, na katika wilaya za Kanda ya Ziwa zenye madimbwi na mashamba ya mpunga. Mvulana anayekojoa damu mwishoni mwa mkojo, na kijiti kikaonyesha damu na chembe nyeupe, anaweza kuonekana ana UTI. Kwa maeneo hayo kitu cha kwanza kufikiriwa ni kichocho, ambacho kimelea chake kilitambuliwa na Theodor Bilharz huko Cairo mwaka 1851. Mayai yake hutafutwa kwenye mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao hutoka kwa wingi, na dawa yake ni prazikwanteli. Antibiotiki hazimfanyi lolote mnyoo huyo. Kwa wanawake kichocho huweza kushambulia shingo ya kizazi na uke, kikaleta maumivu na damu ambavyo hutibiwa kwa miaka kama UTI au kama ugonjwa wa zinaa, na mgonjwa akabaki na aibu isiyo yake.

Aibu ndiyo inayolifanya jina la UTI lipendwe hivyo. Kijana anayechomwa na mkojo na kutokwa na usaha kwenye uume hana sababu kubwa ya kufikiri UTI ya kawaida, ambayo kwa vijana wa kiume ni nadra. Kisonono na klamidia ziko mbele. Lakini akiambiwa UTI anapumua, na nyumbani anasema ameipata kwenye choo cha kushea. Choo kinasingiziwa mengi. Bakteria wa UTI kwa kawaida hutoka kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe na kupanda mrija wa mkojo, ambao kwa mwanamke ni mfupi na uko karibu na njia ya haja kubwa. Kijana atapewa vidonge visivyotosha, mwenzi wake hatatibiwa, na baada ya wiki kadhaa wote wawili watakuwa na kile ambacho mtaani kinaitwa UTI sugu.

Usugu wa kweli upo pia, na unatisha kwa namna nyingine. Mradi wa HATUA uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda uliwaandikisha wagonjwa zaidi ya 7,500 waliokuwa na dalili za UTI, na mkojo wao ukaoteshwa. Waliothibitika walikuwa asilimia 35 hivi. Hawa ni watu waliokuja na dalili. Sitaki kuwaza ingekuwa ngapi kwa waliokuja na mafua. Na miongoni mwa bakteria waliooteshwa, wengi walikuwa wamezizoea dawa za aina mbalimbali kwa mpigo. Bakteria wa aina hiyo analelewa kwa dozi zilizotolewa bila sababu, zilizokatishwa katikati, na kwa sindano za seftriaksoni za siku tano ambazo siku hizi hutolewa kwa kuchomwa kidogo kwa mkojo. Shirika la Afya Duniani limeiweka seftriaksoni katika kundi la dawa za kuangaliwa kwa makini. UTI ya kibofu kwa mwanamke asiye mjamzito, asiye na homa, mara nyingi huisha kwa vidonge vya siku chache, kama naitrofurantoini, dawa ya tangu miaka ya 1950 ambayo hujikusanya kwenye mkojo na ndiyo maana haifai kwa maambukizi ya figo.

Kwa hiyo ukipewa karatasi yenye plasi, mwulize aliyekuandikia: plasi hii ni ya nini, ya naitraiti au ya chembe nyeupe? Ukiwa na homa ya kutetemeka, maumivu ubavuni, kutapika, au ukiwa mjamzito, usijadiliane na karatasi; unahitaji hospitali siku hiyohiyo, hata kama kijiti kimesema huna kitu. Ukiwa huna dalili yoyote ya mkojo, una haki ya kuuliza kwa nini umepimwa mkojo. Na mkojo wa njano iliyokolea wenye harufu kali mwezi wa Februari, mara nyingi, ni habari ya maji uliyokunywa.

Imebaki tabia moja ambayo naona ndiyo inayozungusha gurudumu zima: kurudi kupima kama imeisha. Mtu amemaliza dozi, mkojo hauchomi tena, analala usiku kucha, lakini anarudi maabara ili kuhakikisha. Kijiti kinakuta plasi moja ya chembe nyeupe, zinazoweza kuwa za ukeni au mabaki ya vita iliyokwisha. Anaambiwa dawa haikufanya kazi, anaanzishiwa sindano, na faili lake linaandikwa sugu. Aliyepona dalili hana haja ya safari hiyo. Anayehitaji kupimwa tena baada ya dozi ni mjamzito, na kipimo chake ni cha kuotesha. Mwingine anayepaswa kurudi ni yule ambaye dozi imeisha na maumivu hayajaisha, lakini arudi kuoteshewa mkojo, na kuchunguzwa uke kwa mwanamke au tezi dume kwa mwanamume, na kutazamwa kama ana mawe. Kijiti cha pili hakitamwambia zaidi ya kile cha kwanza.